Mji Kasoro Bahari, Lakini Samaki Wapo: Historia ya Fimbo ya Kuvulia Kutoka Mwanzi Hadi Kaboni

Moro inaitwa mji kasoro bahari. Milima ipo, reli ipo, matunda yapo, baridi ya Uluguru asubuhi ipo, bahari tu ndiyo haijafika. Sasa mtu wa Moro mwenye kiu ya kuvua anafanyaje? Anakwenda kwenye maji aliyonayo: Ngerengere, Ruvu, mito midogo inayoshuka mlimani, na Bwawa la Mindu pale pembeni ya barabara ya kwenda Iringa.

Ukikaa kando ya maji ya namna hiyo wikiendi, utakutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni dogo mwenye mwanzi. Amefunga mshipi wa nailoni kwenye ncha, ndoano moja, mnyoo mmoja, basi. Wa pili ni mshikaji aliyejipanga: miwani ya jua, kofia, fimbo inayong'aa, na rili, ile roda ndogo ya kuzungushia mshipi, inalia kriiii kila akivuta. Picha kashapiga saba. Perege bado hana hata mmoja.

Dogo anao watatu kwenye kamba.

Si uchawi. Ukiijua historia ya fimbo na rili utaelewa kwa nini dogo anashinda, na ukiwa na hela kidogo ya kuboresha vifaa vyako, utajua ianzie wapi. Maana wengi wanaanzia pale pale ambapo hela huwa inapotea.

Miaka zaidi ya elfu moja bila rili

Turudi nyuma, mbali sana. Karibu mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi mmoja wa dola ya Roma aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliokuwa wakivua kwa ujanja wa ajabu. Waliviringisha sufu nyekundu kwenye ndoano, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo. Samaki akiangalia kutoka chini ya maji anaona mdudu katua. Anaruka, amekwisha. Fimbo yao ilikuwa futi sita, na mshipi futi sita. Majina yao hayakuandikwa. Ni wavuvi tu wa kando ya mto.

Huo ndio uvuvi wa nzi bandia, na mpaka leo wazo ni lile lile: ndoano ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu.

Kitu gani hakipo kwenye hadithi hiyo? Rili. Fimbo, mshipi, nzi, mkono. Kwisha.

China walikuwa na rili mapema. Mchoro mmoja maarufu wa karibu mwaka 1195 unaonyesha mvuvi peke yake kwenye mashua ndogo, na kwenye fimbo yake kuna kigurudumu cha mshipi. Lakini Ulaya kitabu cha uvuvi kilichochapwa Uingereza mwaka 1496, ambacho watu wanasema kiliandikwa na mtawa wa kike, kilieleza nzi bandia 12 na jinsi ya kujitengenezea fimbo. Mshipi wenyewe ulisukwa kwa singa za mkia wa farasi na kufungwa kwenye ncha, sawasawa na wa dogo wa Mindu.

Kule Japani, wavuvi wa milimani waliendelea hivyo hivyo kwa vizazi. Mwanzi mrefu, mshipi kwenye ncha, nzi mmoja. Wale hawakuwa wakivua kwa starehe. Walikuwa wanauza samaki kwenye nyumba za wageni, yaani wasipopata hawali. Kama mtu anayetafuta riziki aliona hahitaji rili kwenye kijito chembamba cha mlimani, jiulize wewe wa Uluguru unaihitaji kiasi gani. Vijito vya huku navyo ni vyembamba, vina mawe na miti imefunika juu. Huna hata nafasi ya kurusha mshipi mrefu.

Rili inaingia na bei inapanda

Karne ya 19 mambo yakabadilika. Uingereza na Marekani kulizuka tabaka la watu wenye hela na muda, na uvuvi ukawa ubishoo wa kistaarabu. Mwaka 1874 kampuni ya Orvis ya Vermont, Marekani, ilipata hakimiliki ya rili nyembamba yenye matundu, ili mshipi wa hariri upate hewa na kukauka. Enzi hizo mshipi wa hariri ulikuwa kama mtoto mchanga: unaukausha, unaupaka mafuta, usipoujali unaoza.

Hardy wa Alnwick, Uingereza, walioanza biashara mwaka 1872, walitoa rili yao ya Perfect mwaka 1891. Ndani ilikuwa na gololi kama za baiskeli, inazunguka laini kabisa. Zipo ambazo zinafanya kazi mpaka leo. Ila hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa hali ya chini. Zilitengenezwa kwa ajili ya mwenye shamba.

Hapo ndipo rili ilipoanza kuwa alama ya hadhi. Mtu akikuona na rili nzuri anajua una hela, kama simu kubwa leo. Na tabia hiyo haijafa.

1905: samaki wanapanda mlima vichwani mwa watu

Uvuvi huu wa kizungu ulifikaje Afrika Mashariki? Ulikuja na samaki wake.

Mwaka 1905 mayai ya samaki aina ya trauti yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, ili yawekwe kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Vitabu vinamtaja mlowezi aliyeyaagiza. Lakini meli iliishia Mombasa, reli nayo haipandi Aberdare. Mzigo wa aina hiyo ulimalizia safari kwa wapagazi, watu waliopanda baridi ile kwa miguu wakiwa na kazi moja ya kuhakikisha mzigo wa mtu haufi. Mlowezi ana jina kwenye historia, wapagazi hawana. Na mto ulipojaa samaki, mambo ya leseni, klabu na kambi za kuvulia yaliwalenga walowezi na maofisa.

Tanganyika nayo haikuachwa. Wakati wa ukoloni trauti waliwekwa kwenye mito ya Kilimanjaro na kwenye nyanda za juu za kusini upande wa Mbeya. Kigezo kilikuwa maji ya baridi na mzungu wa karibu mwenye fimbo.

Na Moro je? Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Mwaka 1911 Wajerumani wakajenga nyumba ya Morningside juu kwenye Uluguru, ile ambayo vijana wanapanda leo kupiga picha. Mlima ukawa mahali pa mkubwa kupunga upepo. Mwenyeji hakuwa na haja ya kupunga upepo kwenye mlima wake. Alikuwa na shamba, na penye samaki zana zilikuwa zinajulikana: mgono wa kutega majini, mshipi na ndoano. Fimbo ya mwanzi mtu anakata, hanunui.

Basi kwa miaka mingi uvuvi wa fimbo na rili ulibaki mchezo wa wachache. Samaki hakuwahi kumuuliza mtu hali yake ya maisha. Bei ndiyo ilikuwa mlango.

Jinsi mlango ulivyofunguka

Fimbo za kifahari za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa za nini? Mwanzi! Kweli kabisa. Mwanzi mgumu kutoka mkoa wa Guangdong, China, uliopasuliwa vipande vyembamba, mara nyingi sita, vikaunganishwa kwa gundi kwa ustadi mkubwa. Fundi mmoja alikaa na fimbo moja muda mrefu, ndiyo maana bei ilikuwa juu. Kwa hiyo tofauti ya fimbo ya bwana mkubwa na ya dogo wa Mindu ilikuwa kazi ya fundi. Mmea ni wa ukoo mmoja.

Kisha mambo matatu yakaangusha bei.

La kwanza ni nailoni. DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, na muda si mrefu ikawa mshipi: mwembamba, imara, hauozi. Hariri ya kupaka mafuta ikapotea taratibu. Leo nailoni iko mpaka kwenye duka la mtaani, na ndiyo hiyo kwenye mwanzi wa dogo.

La pili ni faibaglasi. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mtaalamu mmoja wa plastiki huko Marekani alivunja ncha ya fimbo yake ya mwanzi, akajitengenezea nyingine kwa nyuzi za kioo na gundi. Mwaka 1947 kampuni ya Shakespeare ilikuwa sokoni na fimbo za faibaglasi. Mwaka 1950 Marekani ikafunga biashara na China, mwanzi wa Guangdong ukaadimika, na mafundi wengi wa mwanzi wakafulia. Faibaglasi ikachukua soko. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kiwandani aliweza kununua fimbo nzuri kwa mshahara wake.

La tatu ni kaboni. Nyuzi za kaboni zilitengenezwa kwa ajili ya mambo ya ndege. Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ikaonyesha fimbo ya kaboni: nyepesi na kali kuliko faibaglasi. Mwanzoni bei ilikuwa ya kutisha. Baadaye viwanda vya Asia, hasa China, vikazitoa kwa wingi, na leo fimbo ya bei ya chini inatumia kitu kilichowahi kuwa siri ya wanaanga.

Umeona mchezo? Kila mara teknolojia ilipokuja, aliyekuwa nje ya mlango alipata nafasi ya kuingia. Kwa hiyo anayekuambia huwezi kuvua vizuri bila kifaa cha bei mbaya, anakuuzia mwaka 1891.

Mikono ya Kenya isiyo na majina

Kuna kitu vijana wengi hawakijui. Nzi bandia wengi wanaotumika Ulaya na Marekani wamefungwa kwa mikono hapa Afrika Mashariki. Kenya ina kazi hii kwa miongo mingi. Watu wanakaa mezani, ndoano imebanwa kwenye kijitezo kidogo, unyoya huku, uzi kule, dazeni kwa dazeni, zinapanda ndege. Mvuvi wa Colorado au wa Scotland anamfunga kwenye mshipi wake bila kujua fundi ni nani.

Ni hadithi ile ile ya wapagazi: mikono ya huku, jina la kule. Tofauti ni kwamba huu ni ujuzi, na ujuzi unajifunzika. Unahitaji ndoano ndogo, uzi wa cherehani na manyoya ya jogoo. Manyoya ya jogoo Moro ni ya kununua kweli? Kila anapochinjwa kuku yanatupwa. Wale Wamakedonia wa mwaka 200 wangefika sokoni kwa Chifu Kingalu wangejiona wameingia duka la vifaa.

Sasa hela yako ianzie wapi

Tuseme umeanza na mwanzi, umenogewa, na umejichanga kidogo. Fuata mpangilio ule ule wa historia. Nzi, mshipi na fimbo vilikuja kwanza. Rili ilichelewa kwa zaidi ya miaka elfu moja, nayo kwenye bajeti isubiri nyuma.

Anza na mshipi. Kwenye uvuvi wa nzi bandia, nzi mwenyewe hana uzito, hurushiki kama chubwi. Kinachoruka ni mshipi, ule mnene wenye ngozi ya plastiki, nzi anafuata nyuma kama tela. Mshipi ukiwa mbovu, umepasuka-pasuka na kujikunja, hata fimbo ya mamilioni haikusaidii. Mshipi una namba, na fimbo ina namba imeandikwa juu ya kishikio. Zifanane. Fimbo namba 5 na mshipi namba 5. Kwa perege na kambale wa kawaida, namba 5 au 6 inatosha kabisa.

Ya pili fimbo. Ya futi 9 inayogawanyika vipande 4 inaingia kwenye begi na unapanda nayo daladala bila kumtoboa mtu jicho. Kaboni ni nyepesi, faibaglasi ni nzito kidogo lakini inavumilia. Kama usafiri wako ni bodaboda na njia ni ya mawe, faibaglasi si ushamba hata kidogo. Ukinunua ya mtumba, ikague kama unavyokagua simu. Unganisha vipande vyote, itikise, isigonge kwenye viungo. Itazame kwa mstari mmoja kama mtu anayelenga, isiwe imepinda. Halafu chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakukata mshipi siku samaki mkubwa ameshika.

Hapa watu wanalizwa: fimbo nyingi zinazouzwa mjini si za nzi bandia. Ni za rili ya kawaida, ile yenye kikono cha waya kinachozunguka. Rili hiyo nayo ina historia yake. Mwaka ule ule wa 1905 mwenye kiwanda cha nyuzi huko Uingereza alisajili rili iliyofuata wazo la kibobini cha kiwandani, na baada ya vita Mitchell za Ufaransa zikaisambaza dunia nzima. Ni nzuri sana kwa chambo na chubwi. Kuzitofautisha ni rahisi: kwenye fimbo ya nzi bandia, rili inakaa mwisho kabisa, nyuma ya mkono. Kwenye ya kawaida, rili iko mbele, na kishikio kinaendelea nyuma yake. Kama unavua kwa mnyoo Mindu, hiyo ya kawaida ndiyo yako, wala usione aibu. Usinunue moja ukidhani ni nyingine, basi.

Mwisho kabisa, rili. Ukweli ambao muuzaji hakwambii ni kwamba kwa samaki wadogo, rili ya nzi bandia ni ghala la kuhifadhia mshipi. Perege unamvuta kwa mkono, unakusanya mshipi kwa vidole. Rili rahisi inayozunguka bila kukwaruza inatosha. Izungushe karibu na sikio. Ukisikia mchanga, iache. Ukiona kutu nyeupe ya chumvi, ilikuwa ya mtu wa pwani ambaye hakuiosha, iache pia.

Breki ya rili inakuwa na maana ukienda kwa samaki anayekimbia. Na huyo yupo mkoa huu huu. Kwenye mito Mnyera na Ruhudji inayoingia Kilombero yupo samaki wa meno, ndugu yake yule ambaye watu wa Kigoma wanamwita kibebe. Aina mojawapo ya bonde la Rufiji ilipewa jina la kisayansi mwaka 1986, na jina hilo lina neno tanzaniae ndani yake. Wavuvi wa nje wanavuka bahari kumfuata. Kwake unahitaji fimbo namba 8 au 9, rili yenye breki ya kweli, na kipande cha waya wa chuma mbele ya nzi, la sivyo anakata kama mkasi. Ila huyo ni wa baadaye. Huko kuna mamba na viboko, na hakuna fimbo inayomzuia mamba.

Kifaa ambacho hakiuzwi

Kuna kifaa kimoja ambacho kila mvuvi kwenye hadithi hii alikuwa nacho, na hakuna duka linalokiuza: mto wenye maji.

Ruvu inaanzia Uluguru na ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Ngerengere ndiyo inayojaza Mindu, na Mindu ndiyo inayonywesha Moro. Msitu wa juu ulipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru mwaka 2008, kwa sababu mlima ukibaki upara mto unageuka tope. Udongo unaoshuka kutoka mashambani na kwenye kingo unaishia bwawani, na kila tope linapoingia, maji yanapungua nafasi na perege wanapoteza pa kutagia. Wakija watu wa baruti na sumu, vitu ambavyo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imevikataza, wanamaliza na vifaranga. Hapo mwenye kaboni na mwenye mwanzi wote wanarudi mikono mitupu, tena na kiu.

Kwa hiyo kabla hujaingia majini, uliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu kibali na wapi panaruhusiwa. Mindu ni chanzo cha maji ya mji mzima, si dimbwi la mtu. Kifaranga ukimpata, mrudishe. Mfuko wa plastiki ukija nao, ondoka nao.

Wapagazi wa 1905 walibeba samaki mpaka mtoni wasiruhusiwe kuustarehea mto. Dogo wa Mindu hakatazwi na bei ya mtu yeyote: nailoni ameipata dukani, mwanzi ameukata, mnyoo kauchimba. Ukienda pale na fimbo yako mpya, usianze kwa kupiga picha. Msalimie kwanza, muulize leo wanakula wapi. Anajua. Kisha mwonyeshe jinsi ya kufunga nzi kwa unyoya wa jogoo, uone nani atampita mwenzake.

Haya mdau, uwanja ni wako. Ulianza kuvua na nini, mwanzi au rili? Na kitu gani ulinunua kwa mbwembwe kikakuliza? Shusha hapo chini, wengine wajifunze kabla hawajachoma hela.